Kuprinti kwa simu ofisini kwetu Kirumba: printa haina neno, kazi iko kwenye ruta

Sisi ni ofisi ndogo ya usafirishaji hapa Kirumba, Mwanza, ukitoka nje unasikia harufu ya soko la samaki la Mwaloni kabla hujaona hata gunia, mzigo wetu mkubwa ni dagaa na kayabo (sangara wa kukaushwa kwa chumvi), unakwenda Kahama, Tabora, Dodoma na mwingine unavuka mpaka kwenda Kongo. Kompyuta ofisini ipo moja tu, ya mhasibu, na hiyo haiguswi na mtu mwingine. Sisi wengine wote tunafanya kazi kwa simu, oda inaingia WhatsApp, picha ya gari inakuja WhatsApp, ankara inatengenezwa kwenye simu, kijana wa mizani ana tableti yake kule stoo. Ila gari likitoka lazima liwe na makaratasi, dereva akisimamishwa njiani hawezi kumwambia askari subiri nikufungulie PDF na chaji imebaki asilimia tatu. Ndo maana bosi akakubali tununue printa yenye waifai, tumeitumia mwaka na ushee sasa, watu kadhaa wameniuliza kama inafaa, naandika yote hapa ili nisirudierudie.

Chapa yake siitaji. Sio kwamba naficha kitu, ni kwamba mengi ninayoyalalamikia hapa utayakuta kwenye karibu printa zote za bei hiyo, ukijua jina utadhani ukinunua nyingine umepona. Ni ile aina ya tanki la wino, unamimina wino wa chupa, inaprinti, inaskani, inatoa kopi, bei ilikuwa laki sita na kitu. Haina skrini ya maana, ina vitaa tu vinavyowakawaka.

Kwanza niseme tulikotoka. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa kinapita steshenari. Karatasi moja ya nyeusi ni shilingi 100 mpaka 200 kutegemea uko mtaa gani, hiyo sio hela kubwa, kinachouma ni muda na foleni. Unafika, unamkuta dada ana wanafunzi mbele yake, unamwambia dada naomba unitolee hii, anajibu bila kukuangalia, "Nitumie WhatsApp, namba iko ukutani hapo." Unatuma. Sasa simama nyuma yake uangalie ile WhatsApp ya kwenye kompyuta yake: vitambulisho vya NIDA vya watu, vyeti vya kuzaliwa, CV, mikataba ya nyumba, matokeo ya hospitali, vyote viko wazi vimepangana na nani anavifuta? Hakuna anayevifuta. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na wateja wetu wanatupa nakala za leseni na vitambulisho vya madereva wakituamini sisi, sio wakimwamini dada wa steshenari. Mimi hilo peke yake lilinitosha kumsumbua bosi hadi akatoa hela.

Haya, dukani. Duka moja la kompyuta hapa mjini, kijana mchangamfu kweli, nikamuuliza hii ina waifai, akasema "Ina waifai bosi wangu, unaprinti hata ukiwa Igoma." Hapo watu wengi wanaingizwa mjini. Waifai ya printa maana yake simu yako na printa viko kwenye mtandao mmoja wa ndani, ruta moja, jengo moja. Ukiwa Igoma simu yako iko kwenye bando lako la mtandao wa simu na printa iko kwenye ruta ya Kirumba, hazijuani kabisa. Kuprinti ukiwa mbali kupo, lakini ni huduma nyingine, printa inapewa anwani yake ya barua pepe na kampuni iliyoitengeneza, unatuma faili kwenye ile anwani na karatasi inatoka, na lazima printa iwe imeunganishwa na intaneti muda huo. Zamani kulikuwa na Google Cloud Print ikifanya kazi hiyo kwa printa karibu zote, Google wakaifunga mwisho wa 2020, kwa hiyo ukikuta mtu bado anakuelekeza huko ujue maelezo yake yameoza. Sisi ile ya barua pepe tumeiwasha na kwa kweli bosi akiwa Nansio anaitumia, inachukua dakika kidogo lakini inatoka. Kwa kazi ya kila siku hamna anayeikumbuka.

Sasa nije kwenye kufunga mtandao maana hapa ndo pana stori.

Fundi aliyekuja kuifunga alimaliza haraka, akaprinti ukurasa wa majaribio kutoka kwenye simu yake, akachukua chake akaenda. Yeye akiondoka hamna simu hata moja inayoiona printa. Tunatafuta, simu inasema hakuna printa iliyopatikana. Tunazima tunawasha. Dada wa mapokezi akaanza kusema printa ni feki. Kumbe ruta yetu ina mitandao miwili, ule wa ofisi na ule wa wageni ambao madereva wanapewa paswedi yake wakisubiri mzigo, na fundi kaiweka printa kwenye ule wa wageni kwa sababu paswedi yake ilikuwa imebandikwa ukutani. Mtandao wa wageni kwenye ruta nyingi umewekewa ukuta, kila kifaa kinafika intaneti lakini hakiwezi kuongea na kifaa kingine kilicho jirani yake. Kwenye setingi za ruta utakuta kimeandikwa AP Isolation au Client Isolation. Ni kitu kizuri kwa wageni, hutaki dereva usiyemjua achungulie tableti ya stoo, ila kwa printa ni kifo. Simu inapotafuta printa inapiga kelele kwenye mtandao wa ndani, "kuna printa humu?", na printa inajibu "nipo, naitwa fulani, naweza hiki na hiki". Ukuta ukiwepo ile sauti haifiki, na simu haitakwambia kwamba kuna ukuta, itakwambia hakuna printa, basi. Fundi mwenyewe aliprinti vipi? Aliunganisha simu yake moja kwa moja na printa, nitaieleza mbele hiyo.

Tukaihamishia mtandao wa ofisi, simu zote zikaiona hapo hapo. Ukiona printa yako "haionekani" anzia hapo kabla hujaanza kumtukana muuzaji.

Jambo la pili, umeme. Mwanza umeme ukikatika na kurudi, ruta inagawa upya namba za IP, yaani anwani ya kila kifaa ndani ya mtandao, jana printa ilikuwa na namba inayoishia 5 leo ina 9, na simu nyingine zinaendelea kuitafuta kule kule kwa jana, zinaandika offline wakati printa unaiona inawaka taa mezani. Hii ilitutesa wiki za mwanzo, kila umeme ukirudi ni kelele. Dawa yake ni kuingia kwenye ruta na kuifungia printa namba moja ya kudumu, sehemu inaitwa DHCP reservation au address reservation, unachagua printa kwenye orodha, unaipa namba, unasevu. Kazi ya dakika tano na fundi mwenye akili anaifanya siku ile ile bila kuambiwa. Tangu tumefanya hivyo umeme unakatika na kurudi na printa inarudi yenyewe. Tumeweka pia UPS ndogo, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, kwa ruta na printa, printa ya wino inakula wati chache sana kwa hiyo UPS ndogo inaibeba bila shida. Ukiwa na ya laser usijaribu hivyo, ile ina sehemu inayopashwa moto kugandisha unga wa wino kwenye karatasi, inavuta umeme mwingi kwa mpigo, UPS ndogo italia na kuzima.

Halafu kuna hili la masafa ya waifai, 2.4 na 5. Printa nyingi za bei yetu zinashika waifai ya 2.4 GHz tu, ya 5 hazioni kabisa. Kama ruta yako inatoa majina mawili, printa iweke kwenye la 2.4. Ila usidanganywe kwamba na simu lazima ihamie huko, simu ikae kwenye 5 yake, mradi ruta ni moja na ukuta haupo zitaonana. Na 2.4 inapenya ukuta vizuri kidogo, stoo yetu iko nyuma ya kuta mbili za zege na bado tableti inafika.

Wale mnaotumia hotspot ya simu kama waifai ya ofisi, sisi tulikuwa hivyo zamani, waifai ya ofisi ilikuwa simu ya bosi. Bosi akipanda meli kwenda Ukerewe na waifai inapanda meli. Ukiwa hivyo printa ya waifai itakukera tu, tafuta ruta inayokaa mezani hata kama ni ile ya kuchomeka laini.

Na hili wengi hawalijui: kuprinti ndani ya mtandao mmoja hakuli bando. Faili linatoka kwenye simu linapita kwenye ruta linaingia kwenye printa, halijatoka nje ya jengo. Bando la ofisi likiisha bado karatasi zinatoka, na hii imetuokoa zaidi ya mara moja mwisho wa mwezi.

Kwenye simu zenyewe sasa. Bosi ana iPhone, yeye hakuinstoli chochote. AirPrint, huduma ya kuprinti ya Apple wenyewe, imo kwenye iPhone tangu 2010, unafungua faili, unabonyeza alama ya kushea, unashuka mpaka Print, printa imeshaonekana, unachagua kopi ngapi, umemaliza. Anapenda kutuonyesha. Sisi wa Android tulikuwa na kazi kidogo lakini sio kubwa. Canon, HP, Samsung na Xerox walianzisha umoja unaitwa Mopria mwaka 2013, ili simu yoyote iongee na printa yoyote bila apu ya kila kampuni, na kuanzia Android 8 ya 2017 kazi hiyo imeingizwa ndani ya simu yenyewe. Kwa hiyo simu nyingi za sasa tayari zina huduma ya kuprinti, inatakiwa tu iwe imewashwa. Kwenye Tecno na Infinix za huku kwetu menyu yake imejificha, usihangaike kuitafuta, fungua setingi halafu kwenye kisanduku cha kutafutia juu andika "print", itakuja. Kama haipo au inagoma, shusha Mopria Print Service kutoka Play Store, ni ya bure, na nzuri yake ni kwamba ukiwa na picha au PDF unabonyeza tu kushea na inakaa kwenye orodha ile ile ya WhatsApp na Bluetooth. Mzee wetu wa stoo ambaye kutuma picha tu ilikuwa ni kumwita mjukuu, sasa hivi anaprinti mwenyewe. Printa ikikataa kuonekana kabisa, Android inakuruhusu kuiongeza kwa kuandika ile namba ya IP kwa mkono, sababu nyingine ya kuifungia namba ya kudumu.

Faili la WhatsApp: lifungue kwanza, nukta tatu juu, Print. Likikataa, lifungue na kisomaji kingine cha PDF, kisha nukta tatu. Basi.

Apu ya kampuni iliyotengeneza printa, hii ndo imenifanya nikate nyota. Inataka ujisajili kwa barua pepe, inataka ruhusa ya mahali ulipo, inataka intaneti hata kama unachotaka ni kuprinti risiti kutoka mita mbili, na kila ukiifungua inakutangazia wino. Siku intaneti iko chini inazunguka tu pale. Tuliitumia siku ya kwanza kuiingiza printa kwenye waifai, na tunaitumia kuskani kwa sababu kwa kuskani iko vizuri, unaweka hati kwenye kioo, inaingia kwenye simu kama PDF iliyonyooka. Kwa kuprinti nimewaambia watu wote waiache, watumie ile ya ndani ya simu. Mtu akiniambia printa ni slow namuuliza kwanza unaprinti kwa apu gani.

Sasa kitu kimoja kidogo ambacho kilitusumbua kuliko vyote. Hati yetu ya kupokelea mzigo ina mstari wa mwisho chini kabisa, "Jina na sahihi ya mpokeaji". Kijana wa mizani akiprinti kwa tableti ule mstari hautoki, kila kitu kipo, majina ya magunia, kilo, namba ya gari, unafika chini karatasi nyeupe. Mhasibu akiprinti faili lile lile kwa kompyuta unatoka. Watu wakaanza kusema kijana anaharibu faili. Nikachukua ile tableti nikaangalia ile picha ya kabla ya kuprinti, pale juu kuna sehemu ya ukubwa wa karatasi, imeandikwa Letter. Letter ni karatasi ya Wamarekani, urefu wake milimita 279, A4 yetu ni 297. Milimita 18 zimekatwa, na ndo hapo hapo mstari wa sahihi unapokaa. Ukibadilisha kuwa A4 unarudi. Simu na tableti nyingine zinakuja na Letter zenyewe hasa ikiwa lugha ni Kiingereza cha Marekani, na printa nyingine zikiletewa Letter wakati zina A4 hazikati, zinagoma kabisa na kuwasha taa nyekundu ya karatasi ukadhani imekwama. Gari lile lilikuwa limeshawashwa injini, dereva anapiga honi, tukaandika ule mstari kwa peni.

Excel kwenye simu ni mateso ya aina yake, jedwali la safu kumi linatoka safu sita ukurasa wa kwanza na nne ukurasa wa pili. Geuza karatasi ilale, chagua iingie upana wa ukurasa mmoja, au mwambie mhasibu akutumie PDF. Mimi namwambia mhasibu.

Kasi. Kurasa za maandishi zinatoka vizuri tu, ule wa kwanza unachelewa kidogo halafu nyingine zinafuatana. Ukileta PDF ya picha, zile zilizopigwa na kamera za simu kurasa ishirini, hapo utasubiri. Mara nyingi simu ndo inageuza kila ukurasa kuwa picha halafu inaimwaga kwenye printa kwa waifai, kwa hiyo simu yenye RAM ndogo inachemka kwenye mkono na printa inakaa inasubiri. Kuprinti pande mbili yetu haiwezi yenyewe, na kwenye kompyuta angalau inakwambia geuza karatasi, kwenye simu hakuna anayekwambia. Unaandika mwenyewe kurasa 1,3,5 kwanza, unageuza, halafu 2,4,6. Kwa mkataba wa kurasa nne sawa, zaidi ya hapo tunampa mhasibu.

Lingine, watu wakibonyeza Print na kitu hakijatoka wanabonyeza tena. Na tena. Ile kazi haipotei, inakaa kwenye foleni ndani ya simu inasubiri kuiona printa. Jumamosi moja waifai ilizingua, mzee wa stoo akabonyeza mpaka akachoka akaondoka zake. Jumatatu asubuhi anaingia ofisini, anasalimia Mwangaluka kama kawaida yake, simu mfukoni imeshika waifai, printa ikaanza peke yake. Delivery note za Jumamosi, moja baada ya nyingine, za gari ambalo lilishafika Tabora. Dada wa mapokezi akaruka kwenye kiti. Ikikutokea shusha lile pazia la juu kwenye simu, utaona kazi zinazosubiri, zifute huko huko.

Upande wa nidhamu ya watu nitasema kidogo. Printa ikiwa inashikika kwa simu yoyote, kila mtu ana kitu cha kuprinti. Homuweki za watoto, CV za wadogo zao, na kuna wiki printa ilitoa kadi za mchango wa harusi za rangi, hatujui mpaka leo za nani ingawa harusi wote tulienda. Rimu za karatasi zilikuwa zinaisha haraka mno. Bosi hakukataza, aliweka daftari pale pembeni kwamba cha kwako unaandika na unachangia, imepungua. Kubwa zaidi ni zile karatasi za siri, mtu anaprinti hati ya mishahara akiwa amekaa kiti chake cha nyuma, karatasi inatoka mapokezi ambako dereva amesimama. Mashine kubwa za ofisi zina kitu kinaitwa kuprinti kwa PIN, karatasi haitoki mpaka mwenyewe ufike ubonyeze namba, za bei yetu nyingi hazina. Kwetu mishahara inaprintiwa na mhasibu akiwa amesimama pale pale.

Ile Wi-Fi Direct niliyoahidi: printa inatengeneza kawaifai kake kadogo, jina lake linaanza na DIRECT, simu inaingia humo moja kwa moja bila ruta. Hivyo ndo fundi alivyoprinti siku ile. Ruta ikiungua au mgeni akitaka kuprinti bila kumpa paswedi ya ofisi inafaa sana. Ubaya wake simu inalalamika kwamba mtandao huu hauna intaneti, nyingine zinatoka zenyewe na kurudi kwenye data katikati ya kazi, lazima ubonyeze baki. Na zinaingia simu chache tu kwa wakati mmoja. Kama njia ya dharura ipo vizuri, kama njia ya kila siku utachukia.

Kuna wenzetu pale Mwaloni wanatumia vile viprinta vidogo vya Bluetooth vya kutoa risiti, vya karatasi ya milimita 58, havitumii wino, vinachoma karatasi kwa joto. Kwa risiti ya mteja anayeondoka sawa, ila usitoe hati ya safari kwa hiyo, iache kwenye dashibodi ya lori juani uone, inageuka nyeusi yote hujafika Shinyanga.

Gharama sasa. Chupa ya wino mweusi ya mililita 65 kwenye maelezo wameandika inatoa kurasa kama 4,500, hiyo ni kurasa za kipimo cha kiwandani zenye maandishi machache, sisi hatufiki huko lakini bado ukilinganisha na ile 200 ya steshenari hamna ubishi, kwa ofisi inayotoa makaratasi kila siku printa inajilipa. Kwa ofisi inayoprinti barua moja kwa wiki nisingenunua ya wino kabisa, wino ukikaa bila kutumika unakauka kwenye matundu, unatoka mistari, unaanza kusafisha kichwa na kila ukisafisha unamwaga wino. Huyo anunue laser ndogo yenye waifai. Na unyevu wa ziwa hapa sio mchezo, rimu ikiachwa wazi msimu wa mvua karatasi inavimba na kujikunja pembeni, printa inavuta mbili mbili. Tunafungua rimu, tunaweka karatasi za siku, zinazobaki zinarudi kwenye nailoni yake. Usiku tunafunika na kitambaa kwa ajili ya vumbi na vile vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa.

Ukienda kununua, mimi ningeangalia kama boksi lina alama ya Mopria na AirPrint zote mbili, na kama hela inatosha chukua yenye tundu la waya wa mtandao. Hii watu wanaishangaa, waya tena kwenye printa ya waifai? Ndiyo, printa inachomekwa kwenye ruta kwa waya na simu zinaifikia kwa waifai kupitia ruta, inatulia kuliko zote, haijui 2.4 wala paswedi iliyobadilishwa. Yetu haina tundu hilo na bosi akifungua ofisi ya Nyegezi nimeshamwambia ya kule lazima iwe nalo. Na fundi asiondoke kabla simu tatu tofauti hazijaprinti, ya iPhone, ya Android na ile iliyo mbali zaidi na ruta, halafu mzime umeme mwashe tena mjaribu upya mbele yake.

Nimeipa nyota nne kati ya tano, iliyokatwa ni ya apu.

Kitu ambacho bado sijakiona ni ile pedi ya ndani inayonyonya wino wa kusafishia. Printa nyingi za wino zinayo, ikijaa printa inajifunga na kukataa kazi mpaka pedi ibadilishwe na hesabu yake ianzishwe upya, kwenye nyingine unabadilisha mwenyewe na kwenye nyingine ni lazima fundi. Yetu haijafika huko, ikifika nitakuja kuongeza hapa bei na imechukua muda gani.